Ni Gesi Tu

Siku Lutgart alipokwenda kupunguzwa tumbo, Firmin mumewe alibandika karatasi kwenye dirisha la kibanda chao cha chipsi, pale uwanja wa soko wa Ninove, mji mdogo wa Ubelgiji: "Mama yuko hospitali. Chipsi zipo. Mdomo haupo." Sisi wateja tulicheka, maana kweli nusu ya watu waliopanga foleni pale walifuata mdomo wa Lutgart kuliko viazi vyake.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi kwamba Firmin alikuwa ameupanua mlango wa kibanda kwa ajili yake. Kwa miaka mingi uzito ule haukumsumbua, au alisema haukumsumbua. Kisha magoti yakagoma na sukari ikapanda. Majira ya baridi yale alikuwa anakaanga akiwa ameketi kwenye stuli ndefu, na jioni Firmin anamsukuma ngazini kwa bega kama mtu anayepandisha friji ghorofani. Daktari alipomwambia kwamba dawa iliyobaki ni kuukata mfuko wa chakula, ubaki mwembamba kama ndizi, Lutgart, aliyekuwa anaogopa hata sindano ya jino, akasema haya, nikateni.

Kule hospitali, mji wa Aalst, walilazwa wawili chumba kimoja. Mwenzake aliitwa Veerle, mwalimu wa chekechea kutoka Zandbergen, kijiji kilicho vituo vichache vya treni mbele ya Ninove. Hakuwa amefika arobaini. Alikuwa na uso wa duara, mzuri, sauti ya chini na adabu nyingi mno. Aliwaomba radhi manesi kila walipomchoma sindano. Mtoto mmoja darasani kwake alikuwa amemwekea mkono tumboni akauliza mdogo atazaliwa lini. Hapakuwa na mdogo. Veerle alimaliza kipindi, akaenda chooni akalia, na wiki ileile akatafuta daktari.

Walipasuliwa asubuhi moja, mmoja baada ya mwenzake, na walipozinduka wakakuta jambo ambalo hakuna aliyewaeleza: mtu anakwenda kupunguzwa, anarudi amevimba. Wapasuaji hujaza hewa tumboni ili wapate nafasi ya kupitisha vyombo vyao. Hewa ile haitoki yote. Inabaki inazurura humo ndani, inapanda mpaka chini ya mbavu, inachoma begani kama msumari. Ukichanganya na maji ya dripu, vidole vinakuwa kama soseji na kope zinakataa kufunguka. Lutgart alijitazama kwenye kioo cha choo akaona tumbo limesimama mbele yake, limekaza, linang'aa, na plasta zimetapakaa juu yake.

"Wameniongeza," akamwambia Veerle aliporudi kitandani. "Niliomba kupunguzwa, wao wameniongeza."

"Usinichekeshe, dada, nakuomba. Nyuzi zitafumuka."

"Hebu nione lako. Mama yangu! Wewe mapacha."

Veerle alicheka huku machozi yanamtoka, ameukumbatia mto tumboni ili asiumie.

Nesi wao, Sabien, hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia dawa ya gesi ni miguu, akawatoa kitandani. Basi wakatembea. Kila mmoja alisukuma mlingoti wake wa dripu, mkono mmoja umeshika ukuta, mgongo umeinama kama vikongwe, kwenye korido inayonuka dawa ya kusafishia. Kutembea kuliuma, kukohoa kuliuma, kumeza maji kuliuma; walipewa vikombe vidogo kama vya kupimia dawa ya watoto, na kila funda lilishuka polepole kama jiwe. Lakini gesi ikaanza kusogea. Veerle ndiye aliyejamba wa kwanza, mbele ya lifti, mbele ya mzee mmoja mwenye tai aliyebeba maua. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Hongera, mwanangu!" Lutgart akapaza sauti. "Bwana, mpe hayo maua, anayastahili."

Hivyo ndivyo walivyopata urafiki. Lutgart hakuwahi kuwa na rafiki wa namna ile, alikuwa na wateja. Na Veerle, kama Lutgart alivyokuja kutambua, hakuwa na mtu kabisa.

Mchana uliofuata simu ya Veerle ililia. Lutgart alikuwa amelala upande wa dirisha, macho kayafumba, lakini masikio yalikuwa wazi.

"Ndiyo, mama. Nyongo imetoka yote, mama. Mawe, ndiyo, mengi. Hapana, usije, safari ni ndefu bure. Asante, mama."

Alipokata, Lutgart akafungua jicho moja. "Nyongo gani?"

Veerle aliweka simu chini ya mto. Kisha akasimulia, polepole, akiwa ametazama dari. Mumewe, Dries, alikuwa dereva wa malori ya nyama ya baridi, anakwenda mpaka Hispania na Ureno, nyumbani anaonekana Jumamosi na Jumapili, na si kila wiki. Nyumba ilikuwa ya mama yake Dries, Clementine, yule aliyepiga simu, na wote watatu waliishi humo. Clementine hakuwahi kumtukana. Hakuwahi hata kumwambia neno baya. Alikuwa anatazama sahani yake tu. Veerle akichukua kiazi cha pili, Clementine anakifuata kwa macho kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni. Na binamu yao mmoja alipofanyiwa upasuaji huu, Clementine alisema mezani kwamba mtu aliyeshindwa kufunga mdomo mwenyewe ndiye anayekwenda kufungwa na daktari. Dries akacheka.

"Alicheka hivi, bila ubaya," Veerle akasema. "Dries si mbaya. Lakini nilisikia."

"Kwa hiyo wanajua ni nyongo."

"Wanajua ni nyongo. Nitapungua mbele ya macho yao, dada Lutgart. Polepole. Watasema Veerle ameweza, Veerle ana moyo. Mara moja maishani nataka waseme hivyo. Niapie hutamwambia mtu."

Lutgart alifikiria karatasi ya Firmin pale dirishani, na uwanja mzima wa Ninove ukijua habari za tumbo lake. Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha. Akaona kwa mwenzake halichekeshi.

"Kwa roho ya marehemu mama yangu," akasema. "Kwangu limefika, limelala."

Siku ya kuruhusiwa Sabien aliwaketisha wote wawili ukingoni mwa kitanda. Gesi mtakuwa nayo, akasema, na uvimbe mtakuwa nao, wiki kadhaa, msiogope. Tumbo linalojaa na kupungua, linalonguruma, linalotoa hewa, hilo linapona. Lakini tumbo likiwa gumu kama ubao na likabaki hivyo, moyo ukaenda mbio mtu umekaa, ukapata homa, maumivu yakapanda bega la kushoto, hapo usingoje kesho. Hapo mshono umevuja. Na chakula kigumu kisipite mdomoni mpaka tuseme. Hata kidogo, hata kwa siku ya kuzaliwa ya mfalme.

Waliitikia kwa vichwa kama watoto wa shule.

Nyumbani Lutgart alipata taabu ambayo hakuitarajia. Alikuwa amekaa kwenye harufu ya mafuta moto tangu ujana, haisikii tena, sasa ilimpindua. Firmin akiingia tu, Lutgart anakimbilia karai la kunawia, na hakuna cha kutapika, anakamua utupu, nyuzi zinavutika mpaka anaona nyota. Firmin akaanza kuvua nguo mlango wa nyuma, uani, katika baridi ya mwezi wa pili, akijisugua kwa sabuni ya vyombo mpaka anakuwa mwekundu kama kamba wa kuchemsha. Ndipo anaingia, anatetemeka, kamchujia supu kwa kitambaa.

"Kunywa, mke wangu. Haina kitu humo. Ni maji yaliyopita karibu na kuku."

Kikombe cha kahawa cha supu kilimchukua asubuhi nzima. Akinywa haraka kidogo, tumbo linajaa kama mpira, hewa inakwama kifuani, anatembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, mpaka abeue. Miguu ilivimba, viatu vikakataa. Mkanda wa tumbo ulimbana mbavu. Kila jioni Firmin alimchoma sindano ya kuzuia damu kuganda, pembeni mwa kitovu, yeye mwenyewe amefumba macho kuliko mchomwaji. Kuna siku Lutgart alikaa kwenye ukingo wa bafu akalia kwa sauti, akasema amejiharibu, amemlipa mtu amkate kiungo kizima ili aje kuishi kama mgonjwa wa saratani. Firmin alikaa naye kwenye ule ukingo, bafu likalia kwa uzito wao, na hakuna aliyecheka.

Kilichomsaidia ni simu. Kila asubuhi alimpigia Veerle, au Veerle alimpigia.

"Limeamkaje?"

"Limenuna. Lako?"

"Langu limepiga tarumbeta mara mbili. Firmin kaokota redio akadhani ni matangazo."

Veerle alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kwa kuwa Clementine alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alimwambia mkwewe kwamba daktari wa nyongo amempa supu tupu. Siku za kwanza Clementine alikubali. Kisha akaanza kuuliza. Jirani yao alitolewa nyongo, akauliza, mbona siku ya tatu alikuwa anakula mkate na jibini? Veerle akajibu kwamba kila mwili na mambo yake. Clementine akamtazama.

Kwa Lutgart uvimbe ulianza kushuka. Aliona kwanza vifundo vya miguu, vimerudi kuonekana baada ya miaka. Kisha pete ikaanza kuzunguka kidoleni. Tumbo lilikuwa linajaa bado, hasa jioni, lakini lilikuwa laini ukilibonyeza, linanguruma, linaachia. Akaanza kuteremka mpaka uwanjani, akaketi kwenye benchi mbali na kibanda, upande ambao upepo hauleti moshi, akawatukana wateja wa Firmin kutoka hukohuko.

Jumapili ya pili Dries alirudi kutoka Hispania. Lutgart alijua habari hiyo Jumatatu.

"Nilikula, dada."

Sauti ilikuwa ndogo sana hata Lutgart akaziba sikio la pili.

"Umekula nini?"

"Mama alipika sungura. Kwa bia na plamu kavu, kama anavyompikia Dries akirudi. Na krokete za viazi, zile za kukaanga. Aliniwekea sahani. Nikasema daktari bado. Akasema, Dries, mkeo anaogopa chakula changu, au kuna kitu ambacho hatuambiwi? Dries akaacha kula, akanitazama. Nikachukua uma."

"Veerle. Ulikula kiasi gani?"

"Kidogo. Vipande. Na krokete moja. Nilitaka kutapika nikajizuia, maana wangesikia. Sasa tumbo limejaa sana. Lakini natembea. Ni gesi tu."

"Mpigie Sabien. Sasa hivi, nikikata tu."

"Nitapiga."

"Sema utampigia saa hii."

"Dada, nitapiga. Mama anakuja."

Jumanne ulikuja ujumbe tu: Natembea. Ni gesi tu, inapungua. Lutgart akaujibu kwa maswali: moyo vipi, homa je, bega? Hayakujibiwa. Jumatano simu ililia mpaka ikakata, mara kadhaa, na mara ya mwisho ikapokelewa na sauti kavu ya mwanamke mzee.

"Amelala. Wewe nani?"

"Rafiki yake wa hospitali. Anaendeleaje, mama?"

"Ana gesi. Nyongo hufanya hivyo. Nimempa chai ya mnanaa na chupa ya maji ya moto."

"Ana homa?"

"Ana jasho. Amelala karibu na jiko, nani hatoki jasho? Nitamwambia umepiga."

Simu ikakatwa. Lutgart alikaa jikoni na kikombe chake cha supu, ikapoa mbele yake. Kwenye simu alishindwa kusema. Alikuwa ameapa, na pia alidhani labda yeye ni mtu wa hofu, labda kweli ni gesi, nani asiyekuwa na gesi? Akampigia Sabien hospitali. Sabien hakuwa zamu; sauti nyingine ikamwambia kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye apige, au watu wa nyumbani kwake, na kama hali ni mbaya waite gari la wagonjwa. Watu wa nyumbani kwake. Akamwambia Firmin anakwenda Zandbergen.

"Wewe? Na tumbo hilo? Hujapanda treni tangu magoti yagome."

"Nipe koti."

"Mama, hayo ni ya watu na mkwe wao. Utaingiaje?"

"Kwa mlango. Nipe koti, Firmin."

Firmin angempeleka kwa gari, lakini gari lilikuwa gereji. Alimsindikiza stesheni, akamshika mkono mpaka kwenye behewa. Treni ile inafuata mto Dender, na siku ile mto ulikuwa umejaa mpaka kwenye malisho, maji ya kijivu chini ya anga ya kijivu. Lutgart hakuketi. Akiketi mkanda ulimkata, kwa hiyo alisimama njia nzima akishikilia bomba, mkono wa pili umetegemeza tumbo lake kama mja mzito. Kutoka stesheni ya Zandbergen mpaka nyumba ya Clementine si mbali. Alisimama mara nyingi njiani, akivuta pumzi, akiegemea kuta za watu.

Clementine alifungua mlango nusu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aproni safi, nywele zimebanwa.

"Nilikwambia amelala."

"Nataka kumwona tu, mama. Nimetoka Ninove."

Clementine alimtazama kutoka viatu vilivyofunguliwa kamba mpaka koti lisilofunga, na labda alimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa anahema sana. Akasogea.

Veerle alikuwa kwenye sofa, karibu na jiko la gesi, blanketi mpaka kidevuni. Rangi ya uso wake ilikuwa ya majivu, midomo imekauka, na alikuwa anapumua kwa pumzi fupifupi kama mbwa wakati wa joto. Alipomwona Lutgart macho yakamtoka. Akatikisa kichwa. Kushoto, kulia.

Lutgart alipiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya blanketi. Tumbo lilikuwa gumu. Si gumu la kujaa hewa. Lilikuwa gumu kama meza. Veerle alitoa mlio alipoguswa. Lutgart akamshika kifundo cha mkono, akahisi moyo unavyokimbia, mapigo yamerundikana hata huwezi kuyatenganisha.

"Bega?" akanong'ona.

Veerle akafumba macho. La kushoto.

"Unamfanya nini?" Clementine akauliza nyuma yake.

Veerle alimshika Lutgart mkono, kwa nguvu ambazo usingezitarajia kwa mtu wa hali ile. "Uliapa," akasema. Pumzi. "Dada. Uliapa."

Lutgart alisema baadaye kwamba alikaa pale muda mrefu. Firmin, aliyesimuliwa tu, anadhani haikuwa hata nusu dakika. Alisema aliona kila kitu kilichomo kile chumba, saa ya ukutani, bakuli la machungwa, picha ya Dries na lori lake, na kwamba alijua akifungua mdomo atampoteza huyu mtu, na asipofungua atampoteza pia.

"Si nyongo," akasema. Hakugeuka. "Hakuwa na mawe. Amekatwa tumbo, mama, kama mimi. Lile la kupunguza uzito. Mfuko umeshonwa, na mshono umevuja. Piga simu waje na gari, waambie hivyohivyo."

Nyuma yake Clementine alishika mgongo wa kiti.

"Amekatwa..."

"Piga simu!"

"Lakini amekula sungura wangu," Clementine akasema. "Jumapili. Nilimpa mimi."

"Najua."

"Nilimlazimisha."

"Najua, mama. Piga."

Clementine alipiga. Vidole vyake vilikosea namba, akaanza upya. Alipoongea na wale watu sauti ilikuwa imara kabisa, anwani, umri, jina, na alirudia neno moja baada ya jingine yale Lutgart aliyosema. Alipoweka simu, akaenda mlangoni akaufungua wazi, baridi ikaingia, akabaki amesimama kizingitini na aproni yake akitazama barabara. Hakurudi ndani mpaka gari lilipofika.

Veerle alikuwa amegeuza uso kwenye mgongo wa sofa. Lutgart alimfuta jasho shingoni.

Walimpasua mchana uleule, safari hii kwa kumfungua tumbo zima. Usaha ulikuwa umejaa. Walimlaza chumba cha wagonjwa mahututi, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua upande gani ataangukia. Walimpasua tena. Dries aliliacha lori Hispania kwenye maegesho akarudi kwa ndege, akakaa kwenye korido ile ile yenye harufu ya dawa, mtu mkubwa, mikono haina kazi. Alipomwona Lutgart alimuuliza swali moja: "Kwa nini hakuniambia?" Lutgart akasema amuulize mwenyewe akiamka.

Veerle aliamka. Ilikuwa karibu na Pasaka walipomhamishia wodi ya kawaida, na Lutgart akaenda kumtazama. Alikuwa amekonda kama walivyokuwa wametamani wote wawili, na hakuna mtu angependa kumwona vile. Mrija uliingia puani, mwingine ulitoka ubavuni ukidondosha maji machafu kwenye mfuko. Mikono ilikuwa mifupa, lakini tumbo lilikuwa bado limevimba, na miguu imejaa maji, ukibonyeza kidole shimo linabaki.

"Mwanangu," Lutgart akasema.

"Niliomba kitu kimoja." Sauti ya Veerle ilikuwa imekwaruzwa na mirija. "Kimoja tu."

"Ungekufa."

"Ndiyo."

Lutgart alivuta kiti karibu. Veerle alikuwa anatazama dirisha.

"Sasa Dries ananionea huruma," Veerle akasema. "Na mama ananilisha kwa kijiko. Nenda nyumbani, Lutgart."

Hakusema dada. Lutgart alikwenda nyumbani.

Alipona, yeye. Hilo lazima lisemwe, maana watu wanaosikia kisa hiki hudhani wote wawili waliharibika. Kufikia kiangazi uvimbe ulikuwa umekwisha, isipokuwa jioni akila haraka. Sukari ilishuka, magoti yakamrudia, harufu ya mafuta ikaacha kumpindua, na akarudi kwenye karai la chipsi. Sisi wateja tulimpongeza, tukamwambia amekuwa msichana. Alijibu kwa matusi kama zamani. Lakini kulikuwa na saa anasimama na kichungio mkononi, chipsi zinaungua, na Firmin inabidi amguse mkono.

Alituma ujumbe Zandbergen mara nyingi. Haukujibiwa hata mmoja.

Siku moja mwezi wa tisa, soko limefungwa na wafagiaji wako kazini, mwanamke mrefu mwembamba alisimama mbele ya kibanda. Lutgart alimtambua kwa mkao. Clementine alikuwa na mfuko wa kununulia vitu, mtupu, na hakutazama bei wala vyakula.

"Nimekuja kuuliza jambo," akasema. "Veerle alinisema nini kule hospitali? Mwanzoni, mlipokuwa wawili."

"Hakukusema vibaya, mama."

"Usinidanganye. Nina miaka sabini na sita."

Lutgart alizima moto. Akaegemea dirishani ili wasisikike na Firmin aliyekuwa anamenya viazi nyuma.

"Alisema humtukani. Alisema unatazama sahani yake."

Clementine alipokea lile neno bila kutikisika. Alilitafuna kidogo mdomoni, kama mtu anayetafuta mfupa.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa natazama. Sisi tulikuwa saba, na baba alikuwa anatazama za kwetu. Sikujua kama inaonekana."

"Anaendeleaje?"

"Hakurudi shuleni. Dries amehamia kwa mwenzake wa kazi huko Ronse, anasema hawezi kuishi na mtu aliyemficha jambo kubwa namna hiyo. Mimi ndiye niliyebaki naye. Hasemi na mimi. Anafungua mdomo, naweka kijiko, anafunga." Akauhamisha mfuko mtupu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Na bado anavimba. Jioni hasa. Tumbo linapanda, anajikunja, anakataa nisimguse, anakataa kupiga simu. Madaktari wanasema si mshono, mshono umepona, ni hewa tu na makovu ya ndani. Wewe ulifanyaje? Lako lilishukaje?"

Lutgart akamweleza. Chai ya shamari, ya uvuguvugu, si ya moto, na aipige kwa kijiko mpaka povu lote litoke. Veerle asinywe na kula pamoja. Asitumie mrija wa kunywea, asinywe soda, asile akiwa amelala. Kitambaa cha moto, si chupa, chupa ni nzito. Akijikunja asimwache akae, amtembeze, hata humo chumbani, hata hatua chache, amshike kiunoni, si mkononi. Na asiseme kwamba ni gesi tu.

"Nisiseme," Clementine akarudia. "Shamari. Kijiko. Kiunoni." Alikuwa anayahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Na nikimtembeza akikataa?"

"Atakataa. Wewe mtembeze."

"Akiuliza nimeyatoa wapi?"

Lutgart alifuta ukingo wa dirisha kwa kitambaa. "Anauliza siku hizi?"

"Hapana," Clementine akasema. "Haulizi kitu."

Aliangalia saa yake ya mkononi, akasema treni yake iko karibu na saa ya kumlisha inafika, akaaga kwa kutikisa kichwa. Lutgart alimtazama akikatiza uwanja, katikati ya maboksi matupu na majani ya kabeji, akitembea haraka kwa umri wake, midomo bado inacheza. Kisha akawasha moto, kwa kuwa vijana wawili walikuwa wamefika na walitaka chipsi kubwa zenye mayonezi, na walikuwa na haraka.